Anza na Futi, Taa za Rangi Baadaye

Vijana watatu wameanza kazi ya kusanifu kadi na mabango mtaani kwetu mwaka huu, hatua chache kutoka Barabara ya Nasser, kwenye mitaa ya uchapishaji hapa Kampala, na wote watatu wameniuliza swali lile lile: niweke taa gani nyuma ya skrini? Hakuna aliyeuliza habari za kiti. Nawaelewa. Mtu akipata kompyuta yake ya kwanza ya mezani anataka ipendeze, na kupendeza kuna maana, kwa kuwa mahali penye mvuto ndipo mtu anaporudi kwa hamu asubuhi. Lakini nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii tangu niliposhuka kwenye basi la Arua, na mwili wangu umenifundisha mambo ambayo sitaki wadogo zangu wayalipie kama nilivyoyalipia mimi.

Kabla hujanunua hata waya mmoja, tafuta futi ya fundi, ile ya chuma inayojikunja. Kaa kitini, nyayo zote zimelala sakafuni, mabega yamelegea, viwiko vimekunjwa kama mtu aliyebeba sinia. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mimi nilipata sentimita 64. Meza niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa na sentimita 76.

Tofauti hiyo ya sentimita 12 ilinipandisha mabega kutwa nzima kwa miaka miwili. Nilikuwa sijui. Maumivu yalianzia shingoni, yakateremka mkono wa kulia, kisha usiku vidole vikawa vinakufa ganzi. Nilimeza vidonge, nikachuliwa kwa mafuta, ikawa nafuu ya siku mbili tatu. Aliyenisaidia ni mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye hakuanza kwa kunigusa. Alisema, "Nionyeshe unavyokaa ukiwa kazini." Nikakaa kwenye meza yake, nikanyoosha mikono kama niko kwenye kibodi. Akaja nyuma yangu, akaweka viganja juu ya mabega yangu, akayashusha taratibu. Yalishuka kama vidole vinne. "Huku chini ndiko kwao," akasema. (Ganzi ikikuandama usiku, usisubiri kama nilivyosubiri. Nenda hospitali.)

Meza nyingi za madukani zina kimo cha sentimita 72 hadi 76. Mtu mrefu anaziweza. Sisi wengine tunaning'inia. Kama meza ni yako, ipunguze miguu. Ya kwangu niliipakia kwenye boda mpaka Ndeeba, kwa seremala mmoja wa makamo.

"Mzee, naomba unikatie miguu ya meza hii, sentimita 12."

Akaigeuza, akaipapasa. "Ulipima mwenyewe?"

"Nilipima nyumbani."

"Na viatu au peku?"

"Peku."

"Na ofisini unafanya kazi peku, mwanangu?"

Akanikalisha kwenye stuli, viatu mguuni, akapima upya. Ikawa sentimita 66 na nusu. Akakata 9 tu, akasema nikikuta bado ni ndefu nirudi, kwani mguu ukishakatwa haurudi. Sikurudi. Kile kilichobaki kilimalizwa na kiti.

Kama meza ni ya mwajiri, usiiguse. Pandisha kiti mpaka viwiko vilingane na uso wa meza, kisha tafuta kitu imara cha kuwekea miguu. Kipande cha mbao kilichopigiliwa mfano wa sanduku kinatosha. Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini, na jioni unasimama miguu ikiwa mizito.

Kuhusu kiti chenyewe, wengi hununua vya mitumba vilivyotoka maofisini, na si kosa hata kidogo, mradi ukikalie palepale unapokinunua. Kaa dakika kumi nzima. Silinda ya gesi iliyochoka hukushusha polepole, na ukikaa dakika moja hutaiona. Tazama kama kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti kuna nafasi ya vidole viwili au vitatu. Isipokuwepo, kiti ni kirefu kwako, na utaacha egemeo ukae mbele kama ndege kwenye waya. Angalia pia mikono ya kiti: ikigonga ukingo wa meza, utakuwa mbali na kibodi siku zote. Afadhali uing'oe. Na kama mgongo una pengo pale kiunoni, kunja kitenge cha zamani kiwe mviringo, ukifunge kwenye egemeo. Changu kina mwaka wa saba.

Skrini ndiyo inayoharibu shingo. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na umbali uwe mkono ulionyooshwa. Sisi wa mitaa ya uchapishaji tuna bahati ya kuwa na kipimio bure: rimu ya karatasi. Rimu ya karatasi 500 za gramu 80 ina unene wa takriban sentimita 5. Weka moja chini ya skrini, fanya kazi siku nzima, ongeza ya pili, sikiliza shingo. Ukishajua ni ngapi, kachongeshe kibao cha kimo hicho, kwa sababu rimu haina kwao: mteja akija na kazi ya haraka, mtu ataichomoa, na skrini itashuka bila wewe kugundua hadi kesho yake shingo ikuambie. Anayevaa miwani ya sehemu mbili, ya kusomea ikiwa chini, aishushe skrini zaidi, la sivyo atainua kidevu mchana kutwa.

Kama una kompyuta mpakato tu, iinue vivyo hivyo, ununue kibodi na mausi za pembeni. Ni fedha kidogo.

Ukijikuta unasogeza uso mbele, tatizo si mgongo wako. Herufi ni ndogo. Kwenye skrini ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080, mimi hukuza maandishi hadi asilimia 125 kwenye mipangilio. Usipunguze idadi ya nukta, maana herufi zitakuwa na ukungu na macho yatachoka zaidi.

Kibodi ina vijiguu viwili nyuma. Vikunje. Vinainua kibodi na kukunja kifundo cha mkono kwenda juu, nacho kinatakiwa kinyooke. Mausi ikae bega kwa bega na kibodi, mkono usiende kuitafuta.

Sasa tuje kwenye uzuri, na hapa nina kisa. Niliwahi kuweka utepe wa taa za zambarau nyuma ya skrini. Chumba kilipendeza, wateja walisifu. Wiki hiyo nikapata kazi ya kadi 200 za kwanjula, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mwenyewe akitaka rangi ya maziwa. Nilifanya kazi usiku, taa zikiwaka. Jicho likizama kwenye zambarau huizoea, kisha huanza kuona kijani pasipo na kijani. Nami nikawa naiondoa hiyo kijani kwa kuongeza wekundu kidogo, na kidogo tena, mpaka ikaonekana maziwa safi. Kadi zilitoka mashineni zikiwa na uwaridi. Mama wa binti alizishika kwenye mwanga wa mlangoni, akanyamaza, akazirudisha mezani. Nilinunua karatasi upya kwa fedha yangu na kuchapisha upya usiku uleule.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni ya rangi, ukuta ulio nyuma ya skrini uwe mweupe au kijivu, picha ya mandhari kwenye skrini iwe ya kijivu tulivu, taa iwe nyeupe, na ile programu inayogeuza skrini kuwa ya manjano usiku izimwe unapopanga rangi. Punguza mwangaza pia. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali mno. Shika karatasi nyeupe kando ya ukurasa mtupu kwenye skrini. Skrini iking'aa kama taa mbele ya karatasi, teremsha hadi viwili hivyo vifanane. Kama kazi yako ni hesabu au kuchapa barua, pamba upendavyo. Weka mandhari ya Rwenzori, weka taa, mradi zisikupige machoni.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako linajitazama kwenye skrini, likiwa mbele linakuumiza macho. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, hivyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na dirisha linalotazama kaskazini au kusini hupata mwanga mpole. La magharibi litakusumbua kuanzia alasiri hadi jua linapozama. Nunua pazia nene mapema.

Boksi la kompyuta, ambalo wengi tunaliita CPU, lisikae sakafuni kwenye vumbi. Liweke juu ya kistuli. Ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa upepo mkali kunaweza kuiharibu. Nunua UPS, kile kifaa chenye betri, kabla ya urembo wowote, ili umeme ukikatika upate dakika za kuhifadhi kazi, lakini usiichomeke printa ya leza humo, kwani printa hiyo inavuta umeme mwingi kupita uwezo wa UPS. Ngurumo zikianza, chomoa plagi ukutani kabisa.

Hata ukipanga kila kitu sawasawa, mwili haukuumbwa kukaa. Kila dakika 20 mimi huinua macho nikasoma mabango ya ng'ambo ya barabara kwa sekunde kama 20. Adhuhuri na alasiri hunitoa kitini kwa ajili ya swala, na siku ninazosafiri nikachanganya swala hizo, mgongo wangu huona tofauti. Chaja ya simu iko upande wa pili wa chumba, nimeiweka huko kwa makusudi.

Kuhusu waya, najua ndizo zinazokukera macho. Vipande vya tyubu ya baiskeli, vile vile vya kufungia mizigo kwenye boda, vinazibana vizuri bila kuzikata na vinafunguka upesi. Lakini usizifunge wiki ya kwanza. Utasogeza skrini mara tatu, utahamisha mausi, utapandisha kiti. Subiri mpaka siku mbili zipite bila kugusa kitu, ndipo uzifunge, ukiacha urefu wa ziada kama shubiri mbili nyuma ya skrini.