Nyumba ya vyumba sita ya zamani Temeke: kagua hivi kabla hujatoa hela

Mkuu, umeuliza kama nyumba ya Kiswahili ya milioni 60, vyumba sita, korido katikati na choo uani, inafaa kununuliwa ili upangishe. Anza na hesabu. Tuseme kila chumba ni 60,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni 4,320,000. Kila chumba kikikaa tupu mwezi mmoja, unabaki na 3,960,000. Ukiongeza matengenezo ya milioni 12 umezamisha milioni 72, na pato ni asilimia 5.5 kabla ya kodi ya serikali. Dalali akikuambia hela inarudi ndani ya miaka mitano, mcheke tu.

Karatasi kwanza. Nyumba nyingi za aina hii ni za urithi, kwa hiyo muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wasaini. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji iwe kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka. Leseni ya makazi si hati miliki, ina muda wake, soma tarehe. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, barua ya mtaa pekee haitoshi. Chukua pia namba ya mita ya maji uulizie deni.

Sasa kuta, ambako hela nyingi hupotea. Rangi mbichi siku ya kuonyeshwa nyumba ni dalili mbaya. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni hadi kiunoni: ikilia tupu, imeachia. Nyumba hizi nyingi hazina karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi, hivyo maji ya ardhini hupanda ukutani yakibeba chumvi. Yanapokauka, chumvi inabaki na kusukuma plasta. Fundi wengi hubandika plasta nzito ya saruji juu yake. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na baada ya masika unaanza upya. Bandua plasta mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, chimba udongo wa nje ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, acha ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha piga plasta ya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Mchanga uwe wa mto, wa baharini una chumvi. Usipake rangi ya mafuta.

Kama ukuta ni wa miti na udongo, ingiza bisibisi karibu na sakafu. Ikizama bila kugoma, mchwa wamemaliza miti. Hapo lipa bei ya kiwanja, si ya nyumba.

Umeme: vuta upya, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, pamoja na fimbo ya ethi (ya chuma, inayopigiliwa ardhini), maana nyingi hazina kabisa. Weka sabmita, yaani mita ndogo, kila chumba. Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya kushea ndiyo hugombanisha wapangaji, hasa mmoja akiwa na friji na mwenzake ana taa tu. Na kwa kuwa kodi ya jengo hukatwa kupitia Luku tangu 2021, andika kwenye mkataba kwamba utawarudishia wapangaji hela hiyo.