Bodi mpya ikishachaguliwa, kazi ndiyo inaanza

Ukisema chama kinabadilisha uongozi, wengi wanawaza uchaguzi: nani kapita, nani kaanguka. Mimi nimekuwa meneja wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ya wafanyakazi chini ya bodi tofauti, na kinachonikosesha usingizi ni wiki zinazofuata baada ya mkutano mkuu.

Anza na watia saini. Bodi inachaguliwa Jumamosi, Jumatatu benki bado inazitambua saini za waliotoka. Itataka muhtasari wa mkutano, barua, vitambulisho na picha za wapya. Hapo katikati kuna mwanachama ambaye mkopo wake umeshaidhinishwa na hundi haitoki. Mama mmoja alikaa kwenye benchi la ofisi yetu, fomu ya kujiunga na shule ya mtoto wake mkononi, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hela zangu zina ugomvi gani na uchaguzi wenu?" Barua ya benki iandaliwe kabla ya mkutano mkuu, ibaki kujazwa majina tu, na hundi za mikopo iliyokwisha kupitishwa zisainiwe mapema.

Makabidhiano yawe ya maandishi. Funguo na muhuri ni sehemu ndogo sana. Mwenyekiti anayeondoka ana mambo kichwani yasiyomo kwenye faili lolote: nani aliahidiwa kuongezewa muda wa marejesho, mdhamini gani amelalamika, mwajiri gani huchelewesha makato. Kaa naye, muulize, andika, wasaini wote wawili mbele ya kamati ya usimamizi.

Mabadiliko makubwa yakigongana na kipindi hicho, ndipo panapotaka moyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilipozitaka SACCOS ziwe na leseni, kulikuwa na vyama vilivyojikuta vinapanga upya masharti na kuhamisha hesabu kutoka daftari kwenda kompyuta huku muda wa bodi ukiyoyoma. Ushauri wangu: usikabidhi ofisi hesabu zikiwa nusu huku, nusu kule. Mpe kila mwanachama karatasi ya salio lake la hisa, akiba na mkopo, alinganishe na kitabu chake, asaini. Akiona akiba yake iko vilevile, hata maneno ya mitaani hayamtikisi.

Halafu kuna aliyeondoka. Mwalimu Nyerere aliachia urais 1985 akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, Rais Mwinyi akiwa Ikulu. Taifa liliweza. Chama kidogo, kwa maoni yangu, hakiwezi: karani anaanza kupiga simu mbili kwa jambo moja, na anafuata jibu analolipenda. Mwenyekiti wa zamani aitwe ofisini na awaambie wafanyakazi kwa kinywa chake mwenyewe kwamba maswali yote sasa yanakwenda kwa mwenyekiti mpya, na huyo mpya ndiye atakayempigia simu akimhitaji.