Swali la lugha: Anampenda, au anamwandama?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza: "Ninaingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje, hasa zile za taharuki ambamo mtu anapenda hadi anakuwa hatari. Shida yangu ni kwamba bandani watu hucheka, na akina mama hupiga vigelegele, mahali ambapo walipaswa kushika roho zao. Nimejaribu 'mahaba kupindukia', 'kichaa cha mapenzi', 'amepagawa' na 'uraibu wa mapenzi'. Neno sahihi ni lipi? Na filamu za aina hii niziiteje kwenye bango?"

Ndugu yangu, watazamaji wako hawakukosea. Wameshangilia kwa sababu maneno uliyowapa ni ya kushangiliwa. Yote manne yanataja hisia, na huku mwambao moto wa mapenzi ni sifa. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Masikio yake yamelelewa na taarabu na maneno ya kanga, na humo mtu akizimia, akioza au akafa kwa ajili ya mwenziwe anasifiwa. Ukimwambia mama wa Makorora kwamba huyu bwana "amependa kupita kiasi", umempa habari njema. Atapiga kigelegele, na ana haki.

Kinachotisha katika filamu hizi si ukubwa wa hisia. Ni kwamba hisia iko upande mmoja, na vitendo vinamwangukia mtu wa upande wa pili ambaye hakuviomba. Kwa hiyo usihangaike kutafuta nomino. Tafuta kitenzi, tena uangalie kitenzi hicho kimebeba viambishi gani.

Anza na kiambishi -an- cha kutendana. "Wanapendana" ina watu wawili, na kila mmoja anatoa na kupokea. "Anampenda" ina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja, na haisemi lolote kuhusu jibu la huyo mtendwa. Filamu nzima ya namna hii imesimama katika mwanya ulio kati ya maneno hayo mawili. Msikilize mhusika hatari anavyozungumza, utaona hujaza -an- kila pembe: tunapendana, tunaelewana, hatutaachana. Mwache aseme hivyo hivyo, usimlainishie wala usimkazie. Lakini wewe msimulizi, unapoeleza kinachotokea, usiitumie hata mara moja. Yeye aseme "tunapendana", wewe useme "anamwandama". Mtazamaji akisikia sauti hizo mbili zinapingana, ataelewa kwamba uongo uko wapi bila kuelezwa.

Sasa hicho kitenzi chenyewe. Wasimuliaji wengi husema "anamfuatilia". Neno hilo halina kosa, ila limepoa. Mwalimu hufuatilia mahudhurio, polisi hufuatilia kesi, kijana hufuatilia ligi, na kila mwenye simu anafuatilia kurasa za watu mtandaoni. Baadhi huliongezea nguvu kwa kulirudia, "anamfuatiliafuatilia", na hapo wanaharibu zaidi, kwa sababu kurudia kitenzi namna hiyo mara nyingi hupunguza uzito wa tendo: mtu anayetembeatembea hana safari. Tena hesabu silabi. "Anamfuatiliafuatilia" ina silabi 13, na mhusika kwenye skrini keshafumba mdomo kabla hujafika katikati. "Anamwandama" ina 5. Kama unaandika maneno chini ya picha badala ya kusema, tofauti ni herufi 20 kwa 11, na watengenezaji wengi hujiwekea ukomo wa mistari 2 yenye herufi kama 42 kila mmoja.

Kuandama ni kufuata nyuma kwa nyuma bila kuacha. Na Kiswahili kimekwisha kukipa kitenzi hiki giza lake: mkosi humwandama mtu, balaa humwandama, nuksi humwandama. Ni kweli mwezi nao huandama, na hiyo ni habari ya furaha, lakini mwezi haumwandami mtu. Kikichukua kiambishi cha mtendwa, -m-, mwambao wote husikia shari. Bandani hawatacheka.

Kabla ya kuandama na baada yake kuna hatua nyingine, na hapa ndipo wasimuliaji huchanganya mambo. Mwanzoni mwa filamu mhusika bado hajawa hatari. Hapo sema anajipendekeza, au amempendea kitu fulani. Angalia hiyo "kumpendea": kumpendea mtu sauti yake, au macho yake, ni kupenda sehemu na kuacha mtu mwenyewe. Katika Play Misty for Me ya 1971, filamu ya kwanza kuongozwa na Clint Eastwood, mtangazaji wa redio anapigiwa simu usiku na msikilizaji mwanamke anayeomba wimbo uleule. Ukisema "alimpenda mtangazaji" umekwenda mbio. Ukisema "alimpendea sauti", umeshaonyesha kasoro ya penzi hilo tangu dakika za mwanzo.

Akikataliwa na asiondoke, hapo anang'ang'ania, au amemganda kama ruba. Zingatia wakati wa kitenzi: "amemganda", si "anamganda". Kuganda ni hali iliyokwisha kutimia, na -me- ndiyo huionyesha. Vivyo hivyo kwa kunata.

Halafu kuna kuvizia na kunyemelea, ambavyo watu huvitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Mtazame paka. Amejikunyata mbele ya tundu, hatikisiki: anamvizia panya. Akianza kusogea hatua kwa hatua, bila kishindo, sasa anamnyemelea. Kuvizia ni kungoja mahali, kunyemelea ni kwenda. Kwa hiyo mtu aliyekaa ndani ya gari lililozimwa taa nje ya nyumba kwa saa tatu anamvizia mwenye nyumba. Ukisema "anamnyemelea", mtazamaji anaangalia gari lisilosogea na kusubiri mwendo ambao haupo. Akifungua mlango wa jikoni na kuvua viatu, hapo ndipo useme ananyemelea.

Yakifika ya vitisho, tenganisha kutisha na kutishia. Kinachotisha kinatia hofu, hata kama hakikukusudia: giza linatisha, kimya kinatisha. Anayetishia ametamka au ameonyesha kwamba atatenda jambo. "Barua ile ilimtisha" na "alimtishia kwa barua" ni habari mbili. Mara nyingi barua za filamu hizi ni za mapenzi matupu, hazina hata neno moja la vitisho, ndiyo maana zinatisha. Msimulizi akisema "anamtishia kwa barua" amezua tishio ambalo mwandishi wa filamu alilificha kwa makusudi.

Kuhusu wivu nitasema kwa ufupi. Mke anayelinda ndoa yake ana wivu. Anayetaka cha mwenziwe, au kumwona mwenziwe amekipoteza, ana husuda, ana kijicho. Usimpe mvamizi neno la mwenye nyumba.

Maneno yako manne sasa. "Amepagawa" yana tatizo la sarufi na la mila kwa pamoja. Ni kauli ya kutendwa, na mtendaji wake kwa asili ni pepo: mtu amepagawa na pepo. Ukilisema, umemtoa mhusika kwenye lawama, na bandani kuna mtu atauliza kwa nini asipelekwe kwa mganga. Vijana nao hupagawa kwa muziki, na hapo ni raha tupu. "Uraibu" humdhuru kwanza mraibu mwenyewe, kama ilivyo kwa tumbaku au kamari. Linafaa likitoka kinywani mwa mhusika anayejihurumia, basi. "Mahaba kupindukia" nimekwisha kulieleza.

"Kichaa cha mapenzi" ndicho ninachokuomba uache kabisa. Mhusika wa filamu hizi ana mpango. Anachonga ufunguo wa pili, anakariri saa mtoto anayotoka shule, anafuta alama zake. Kumwita kichaa ni kuwaonea wagonjwa wa akili wanaoishi na ndugu zao bila kumwandama mtu, na ni kumpunguzia yeye ukali. Tena unaweza kujifungia mlango wa mwisho wa hadithi. Fatal Attraction ya 1987, iliyoongozwa na Adrian Lyne, ilipigwa kwanza na mwisho ambamo mwanamke anajiua na mwanamume anashukiwa kumuua. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukapigwa mwingine ambamo mwanamke anavamia nyumba na kuuawa humo. Mhusika ni yuleyule, na sehemu kubwa ya filamu ni ileile. Kama ungemwita kichaa tangu mwanzo, tafsiri yako ingeuhimili mwisho wa pili tu. Ukimtajia vitendo, inaihimili yote miwili.

Lipo jambo ambalo Kiswahili kinakupa bure na usilitupe. Kiambishi a- hakisemi mke wala mume. "Amepiga tena", "yuko nje", "anajua jina lako": hakuna ajuaye ni nani. Lugha nyingi zinazotumika kwenye filamu hulazimika kufichua jinsia au kukwepa kwa shida. Sasa msimulizi mwenye pupa anaongeza "yule mwanamke" dakika ya 20, wakati filamu imeuficha uso hadi dakika ya 70. Ngoja picha ikuruhusu.

Hasara ya hicho kiambishi ni kwamba unaweza kuwachanganya wawili. "Anamwandama. Amemkataa mara tatu." Nani kamkataa nani? Dawa ni kauli ya kutendwa: "Anamwandama. Amekataliwa mara tatu." Anayezungumziwa anabaki yuleyule katika sentensi zote mbili, na hukuhitaji jina.

Nyakati za vitenzi nazo hujenga au kubomoa taharuki. Mfululizo wa -ka- (akafungua, akaingia, akajificha) ni mwendo wa ngano. Unafaa unapofupisha yaliyopita, ila kila tendo linasikika limekwisha na mtazamaji anapumua. Kwa hofu tumia -ki-: "Anaosha vyombo, mwenziwe akimtazama dirishani." Matendo mawili yanakwenda sambamba, na la pili halina mwisho. Na unapotaka moyo upasuke, sema tendo limekwisha kabla mtu hajalijua. "Anaingia jikoni" ni taarifa. "Keshaingia" ni balaa, kwa sababu dada wa watu bado anahangaika kufunga mlango.

Sikiliza pia vimilikishi. Mgeni aliyekutana na Hamisi mara moja akisema "Hamisi wangu", hiyo -angu peke yake imebeba nusu ya filamu. Kama maneno ya asili yanamgeuza mtu kuwa kitu, unaweza kuhama ngeli: si "ni wangu" bali "ni mali yangu". Usiseme "ni changu" peke yake Tanga, watafikiri samaki.

Kwenye bango andika "Taharuki ya penzi la shari". "Filamu ya kutisha" itawaleta wanaotaka majini na makaburi, watatoka wanadai pesa zao. "Filamu ya mapenzi" itawaleta wachumba. Taharuki tayari ni istilahi ya fasihi kwa kile kinachomweka msomaji roho juu, na vijana waliosoma sekondari wanaijua. Shari inajulikana na wote. Nimechagua "penzi" badala ya "mapenzi" kwa sababu umoja wake unaelekeza kwenye tukio moja na watu hawa mahsusi, wakati "mapenzi" ni dunia nzima.

Mwisho, ile kauli ya kuagana ambayo mhusika hatari huisema mlangoni. Usiitafsiri kwa "nitarudi" wala "hutaniepuka". Sema "Tutaonana", kwa sauti ileile unayomwambia muuza kahawa wa mtaani kwako. Ina ile -an- yake. Kisha funga mdomo kwa sekunde 3 au 4, usiseme juu ya muziki, mpaka mlango ufungwe.