Keki ya sherehe iokwe jana

Rafiki yangu alipotimiza miaka 40, kazi ya keki nilijipa mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa Oktoba, na anayeijua Tabora anaijua Oktoba yake: mvua bado haijaja, vumbi limeingia mpaka kwenye kope, na jua la mchana halina mzaha. Wageni niliwaalika saa kumi jioni. Mimi nikaanza kuchapa siagi na sukari saa nne asubuhi, nikijiambia muda ni mwingi.

Saa sita umeme ukakatika, keki imo ndani ya oveni, juu imeshaanza rangi, katikati bado uji. Nikaihamishia kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Ikabonyea katikati kama bakuli. Nikasema sawa, shimo tutalifukia kwa aisingi, nani atajua? Nikalifukia. Saa kumi na moja aisingi ikaanza kuteremka taratibu kama watu wanaoshuka kwenye treni, na waridi nililolichora kwa dakika 20 likatua kwenye kitambaa cha meza.

Watu waliila, wakaisifu, maana watu wa kwetu wana adabu. Kilichoniuma ni kingine. Nikiwa jikoni, siagi mpaka viwikoni, nilisikia kicheko kikubwa kutoka uani. Mtu kasimulia jambo, wote wameanguka. Nilipotoka kuuliza, lilikuwa limeshapita, na unajua habari ya kuchekesha ikirudiwa inavyokuwa. Wakati wa kuaga rafiki yangu akanishika mkono: "Shoga, hata kukaa hukukaa."

Tangu siku hiyo keki yangu ya sherehe huokwa jana yake. Siku yenyewe jiko linawashwa kwa ajili ya chai na chakula tu. Lakini si kila keki inakubali kulala. Keki ya siagi ya kawaida, isipofungwa vizuri, asubuhi inakuwa kavu inakwama kooni. Nilihangaika nayo miezi kadhaa kabla sijagundua kwamba dawa ilikuwa kabatini kwangu muda wote, kwenye dumu la lita tano.

Sisi watu wa Tabora tunaishi juu ya asali halafu tunaitumia kwa kikohozi. Misitu ya miombo imetuzunguka, mizinga ya magome iko juu ya miti huko Sikonge na kwingineko, mgeni akitoka Dar es Salaam kitu cha kwanza anachoagiza ni asali. Sisi wenyewe tukitaka keki tunakwenda dukani kununua sukari. Asali ina tabia ya kuvuta unyevu na kuushikilia. Keki yake siku ya kwanza ni ya kawaida tu, pengine inanata kidogo mdomoni. Siku ya pili imetulia, viungo vimeingiana, ukiibonyeza inarudi. Siku ya tatu mimi naiona bora zaidi, ila kwangu hazifiki huko mara nyingi.

Nitoe vipimo nilivyovizoea, kwa chombo cha mraba cha sentimita 20. Unga wa ngano gramu 300, siagi ya kopo gramu 150, asali gramu 225, sukari gramu 75, mayai matatu ya kisasa (ukiwa na ya kienyeji tia manne, ni madogo), maziwa nusu kikombe yasiyojaa sana, yaani kama mililita 100. Beking pauda kijiko kimoja cha chai, beking soda nusu kijiko, mdalasini kijiko kimoja, tangawizi ya unga nusu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Beking soda ninayoisema ni ile ya pakiti ya kuokea. Si magadi ya kulainishia maharage, tafadhali. Aliyewahi kukosea hapo hahitaji kuelezwa ladha yake.

Ile beking soda iko pale kwa sababu asali ina uchachu, na viwili hivyo vikikutana vinatoa hewa inayoinua keki. Beking pauda nimeipunguza makusudi. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo viputo ndani ya keki vinatanuka haraka zaidi. Ukichukua vipimo vya mtu aliyepikia Dar na kuvijaza vilevile, keki inaweza kupanda kwa mbwembwe halafu ikashuka kabla haijashika. Miaka mingi nilidhani nina mkono mbaya. Kumbe ni kijiko kimoja cha ziada.

Na nunua mizani. Najua kikombe ndicho tulichokulia nacho, mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kikombe cha bati cha mama. Lakini kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa ni vitu viwili tofauti, na asali ndiyo kabisa: nusu yake inabaki imeng'ang'ania kikombe. Ukiwa na mizani unaiweka bakuli juu yake na kumimina mpaka namba ifike.

Kuhusu asali yenyewe, usitumie ya nyuki wadogo. Ni nyepesi, ina uchachu mkali, na bei yake si ya kutia kwenye unga. Iache kwenye kabati la dawa. Chukua ya nyuki wakubwa, isiyo na harufu kali ya moshi, maana ikirinwa kwa moto mwingi moshi ule unabaki mpaka kwenye keki. Imeganda? Si dalili ya kuchakachuliwa, asali halisi huganda. Weka chupa kwenye maji ya moto ya kuoga, si ya kuchemka, itayeyuka. Watu watakwambia uipime kwa kibiriti au uidondoshe kwenye glasi ya maji. Vipimo hivyo naviona vya kubahatisha. Mimi ninanunua kwa mzee mmoja sokoni mwaka wa saba sasa, na kipimo changu ni kwamba bado ananisalimia.

Siagi na sukari vichape mpaka vibadilike rangi viwe vyeupe vyeupe, hapo ndipo hewa inapoingia. Mimina asali kidogo kidogo, halafu yai mojamoja. Mchanganyiko ukionekana kama umekatika, usiogope, tia kijiko cha unga uendelee. Unga uliochekechwa na viungo vyake ukiingia pamoja na maziwa, weka mashine pembeni ukoroge kwa mwiko, tena kidogo, mpaka usione unga mweupe. Ukikoroga sana inakuwa ngumu kama mkate.

Sasa jiko. Oveni ninayo, lakini keki ya sherehe naioka kwa mkaa, kwa sababu mkaa haukatiki saa sita mchana. Chukua sufuria kubwa ya zamani, ile ambayo hata ikiharibika hakuna atakayelia. Tia mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga weka kifuniko cha bati kilichopinduliwa ili chombo cha keki kisikae moja kwa moja kwenye mchanga, na kisiguse kuta. Funika, acha ipate moto kama dakika 20. Makaa ya chini yawe machache, ya juu ya kifuniko yawe mengi kidogo. Wengi wanaounguza keki kwa chini wamefanya kinyume.

Utajuaje moto umefika? Mimi naweka kipande cha karatasi nyeupe ndani kwa dakika tano. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ingiza keki. Ikiwa kahawia iliyoiva, punguza makaa, hasa kwa keki ya asali ambayo inashika rangi haraka na kukudanganya kwamba imeiva. Halafu ondoka. Dakika 40 za kwanza usifunue, hata kama mtoto anakuambia anasikia harufu. Baada ya hapo chomeka njiti katikati. Ikitoka kavu, tayari. Kwangu mara nyingi ni kati ya dakika 50 na saa nzima. Kazi hii ifanyike nje au barazani penye hewa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Ikipoa kabisa, ifunge kwa karatasi ya kuokea kisha kwenye mfuko safi, iweke mahali ambapo siafu na watoto hawafiki. Kwangu ni juu ya kabati la nguo.

Aisingi ya siagi mimi siipaki kuanzia Septemba mpaka mvua zishike. Siagi inaanza kulegea kabla hata joto halijafika la mwili wako, na mchana wa Oktoba hapa kivulini ni zaidi ya nyuzi 30. Utashindana na nini? Asubuhi ya sherehe napasha vijiko vitatu vya asali na kijiko cha maji ya ndimu, naipaka juu, namwagia karanga zilizokaangwa na kusagwa nusunusu. Inang'aa na hainiachi na wasiwasi. Atakayetaka maua na jina la mtu kwa rangi ya buluu, afanye sherehe Juni, kuna kibaridi.

Upande wa chakula sina maneno mengi. Chungu kimoja kikubwa cha pilau kinatosha, na kachumbari. Nilipoacha kupika aina sita hakuna aliyeuliza zile nne zimekwenda wapi. Kitu kinachomalizika kwanza kwangu, kila mara, ni matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa, ukavichemsha upya, ukavitoa na karanga na chai ya rangi. Niliwahi kuona aibu kuwawekea wageni, nikidhani ni chakula cha kijijini. Wenzangu waliokulia Nzega na Urambo waliviona wakaacha pilau.

Na mtu akikuuliza "nije na nini?", mpe jibu. Zamani nilikuwa nasema njoo na mwili wako tu, kisha nazunguka kutafuta barafu mwenyewe. Sasa mmoja analeta barafu, mwingine juisi ya ukwaju, mwingine mkeka wa ziada. Ninachokataa ni kuchangishana pesa kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa. Tuna michango ya harusi, ya sendofu, ya msiba. Mtu akiona kundi jipya la WhatsApp lenye jina lako anaanza kujificha.

Mambo mawili ya kuuliza mapema. La kwanza, nani anafuata nini. Nusu ya rafiki zangu ni Waislamu, kwa hiyo nyama nanunua mahali ambapo hakuna atakayesita, na arki ya vanila siitii kwa sababu nyingine ina kilevi, mdalasini unatosha. Muda nao naupanga baada ya alasiri, keki inakatwa kabla ya magharibi, hakuna anayeangalia saa. La pili, kama kuna mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Huyo asipewe asali hata iliyookwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi na joto la keki haliviui. Mwambie mama yake wazi. Usitegemee kwamba anajua, maana bibi wa kulishana keki wako kila mahali na wana vidole vyepesi.

Kulishana huko ndiko kunakoleta vurugu, basi kupangie. Keki ya mraba ya sentimita 20 ukiikata mistari mitano kwa mitano unapata vipande 25 vya sentimita nne nne, vya kuingia mdomoni mara moja. Nakata pembeni safu moja tu kwa ajili ya kulishana na picha. Zilizobaki nakata jikoni na kupitisha kwenye sinia. Kwa watu 18 natengeneza mbili, moja ya kuliwa pale na nyingine ya kufungasha.

Maji pia. Utamaduni wa kummwagia maji mwenye siku yake siwezi kuufuta peke yangu, nimejaribu. Mwaka jana vijana walimfuata mwenzetu na ndoo ya lita 20, akakimbilia mezani kama mtu anayetafuta hifadhi, na ndoo ikamfuata hukohuko. Keki moja iliogelea. Sasa ndoo zinaruhusiwa baada ya sinia kurudi jikoni, upande wa mwembe, mbali na spika. Tangazo hilo nalitoa mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na kikombe changu mkononi.

Kitu kimoja zaidi. Jirani aliyekuazima sufuria kubwa atengewe kipande kabla keki haijafika mezani. Mimi nilisahau mara moja. Safari iliyofuata nilipokwenda kuiomba, niliambiwa sufuria imesafiri.