Tarangire Desemba kuangalia ndege? Nenda tu

Ndugu, umeuliza kama uende hifadhi ya Tarangire Desemba kuangalia ndege au usubiri kiangazi kama ulivyoambiwa. Kiangazi ni kwa ajili ya tembo bana, kwa ndege Desemba ndo yenyewe, manake kuanzia Novemba mpaka Aprili ndege wahamaji kutoka Ulaya wanakuwa wameshatua, korongo weupe na wengine kibao, na kwera nao wamevaa manjano yao wanafuma viota. Hifadhi ina aina zaidi ya 500 kwahiyo usikimbizane na orodha, we mtafute kwanza yule kwenzi wa kijivu mwenye mkia mrefu, yupo Tanzania tu dunia nzima, halafu kwenye mibuyu angalia vikasuku vya kijani vyenye kola ya njano wanaingia ingia matunduni. Asubuhi na mapema pita bwawa la Silale, mwambie dereva azime injini kabisa, mtulie msikilize sauti za ndege kwanza. Darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha sana. Na tafadhali nguo nyeusi au bluu iliyokoza acha nyumbani, mbung'o wa kule wanazipenda mno na wanauma kweli.