Muulize Fundi: Kadi kubwa kwenye mashine ndogo

*Shikamoo Fundi. Marehemu baba ameniachia HP 200LX, ile kompyuta ndogo inayojikunja kama kasha la miwani. Inawaka vizuri kwa betri zake mbili za AA, na daftari lake la simu bado limo. Nimenunua kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya gigabaiti 8 na adapta yake, nikaichomeka, lakini diski A haisomeki kabisa. Jamaa mmoja ananiambia lazima mashine ifunguliwe na kulehemiwa ndipo ikubali kadi kubwa. Nimpe?*
— Mrithi

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usimpe.

Kabla ya kadi, niambie: hilo daftari la baba liko wapi? Kama hujaligusa, liko diski C, na diski C ya mashine hiyo si diski kamwe. Ni sehemu ya RAM, kumbukumbu inayosahau yote umeme ukikatika, na inaishi kwa umeme wa betri tu. Ndani kuna betri nyingine ya kidonge, CR2032, inayoishikilia wakati unapobadilisha zile AA. Ukizitoa zote kwa pamoja, umemzika baba mara ya pili. Basi badilisha moja moja, na ukitaka kuitoa ile ya kidonge hakikisha AA zilizomo ni nzima.

Sasa tundu la kadi. Halina kosa lolote. Ni la PCMCIA, aina ya tundu la kadi za laptopu za zamani, lenye pini 68, na CompactFlash ina pini 50. Kadi hizo zilitoka mwaka 1994, mwaka uleule wa 200LX, na zilibuniwa zielewane na PCMCIA tangu mwanzo. Fungua adapta yako kama una muda: hukuti chipu, ni njia za shaba tu kutoka pini hadi pini. Hata volti zinakubaliana, maana tundu linatoa 5 na kadi inapokea 3.3 au 5. Huyo jamaa angelehemu nini?

Anayegoma ni DOS, mfumo unaoendesha mashine. Mashine ina MS-DOS 5.0, ambayo inaijua FAT12 na FAT16, yaani mipangilio ya zamani ya kuhifadhi faili, basi. Kadi ya gigabaiti 8 kwa kawaida hutoka dukani na FAT32, mpangilio uliokuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996. Mashine ya 1994 ingeujulia wapi?

FAT16 huigawa kadi katika vifungu viitwavyo klasta, na haiwezi kuhesabu zaidi ya klasta 65,524. Kwa DOS hiyo, klasta moja haizidi kilobaiti 32. Zidisha mwenyewe: unafika gigabaiti 2 na ukuta uko hapo.

Watu wengi wakishasikia hivyo hukimbilia hizo 2 zote. Mimi nakataza. Kwenye partisheni, yaani sehemu ya kadi iliyotengwa, ya gigabaiti 2, faili la baiti 200 linakalia kilobaiti 32 nzima, kama abiria mmoja aliyekodishiwa basi. Ukiwa na vijifaili elfu moja vya namna hiyo, megabaiti 31 zimekwenda na hujaandika kitu. Halafu kuna kungoja. Jedwali la FAT, orodha ya klasta zilizotumika na zilizo wazi, la ukubwa huo ni kilobaiti 128, na mara ya kwanza ukiandika DIR, DOS hulipitia lote ili ikuambie nafasi iliyobaki. Kwa prosesa ya megahezi 7.91, unapata muda wa kufunga kamba za viatu vyote viwili. Yangu nimeipa kadi ya megabaiti 256, klasta za kilobaiti 4, na sijaifikisha hata nusu.

Kwa hiyo ichukue kadi yako kwenye kompyuta ya kisasa. Kwenye Linux, tumia fdisk: futa partisheni iliyopo, tengeneza moja ya megabaiti 240 mwanzoni mwa kadi, kisha kwa herufi t uipe aina 06. Hapo ndipo wengi huteleza. Programu za siku hizi hupenda kuandika 0E au 0C, na DOS 5 ikiona namba hizo hupita kama haikuona. Kisha fomati hivi:

mkfs.fat -F 16 -s 8 /dev/sdX1

Hiyo X ni herufi ya kadi yako. Itazame mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana amri hizo haziulizi mara ya pili. Gigabaiti 7 na ushei zitalala bure, ndiyo. Kadi ikiendelea kugoma hata hivyo, tafuta ndogo ya zamani. Kadi mpya za kasi nyingine zinakula umeme ambao mashine ya betri mbili haina wa kuzipa.

Hilo la umeme nalijua kwa maumivu. Niliwahi kunakili faili nyingi kwenye kadi betri zikiwa zinakaribia kuisha, kwa uvivu wa kuinuka kwenda kuleta mpya. Mashine ilizimika katikati ya kuandika. Jedwali likavurugika, na anwani nilizokusanya miaka mitatu zikawa alama za ajabu ajabu. Weka betri mpya kwanza.

Kadi ikishasomeka, funga programu zote zilizo wazi, ingia DOS, uandike:

MD A:\BABA
COPY C:\_DAT\*.* A:\BABA

Daftari la simu ni faili lenye mwisho wa PDB, miadi ni ADB, maandishi mafupi ni NDB. Yakishafika A, hamishia nakala nyingine kwenye kompyuta yako kubwa siku hiyohiyo.

*Fundi, diski ya laptopu yangu ya 486 imekufa. Naweza kuweka CompactFlash mahali pake? Nina ya gigabaiti 4.*
— Nimechoka na Kelele

Unaweza, kwa adapta ya IDE (kiungo cha diski za zamani) ya pini 44, na kelele utaisahau. Lakini BIOS nyingi za enzi hiyo, yaani programu inayoamsha kompyuta, huhesabu silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, kila sekta baiti 512. Hizo ni baiti 528,482,304, yaani megabaiti 504. Kadi ya megabaiti 512 itakukosesha kidogo sana au isikukoseshe kitu. Hiyo ya 4 iache kwenye kamera.

Pini tazama vizuri. Umeme hupita katika zile nne za mwisho, na adapta nyingi hazina kizuizi cha kukuzuia usichomeke kombo. Yangu ya kwanza niliichomeka ikiwa imeruka safu moja. Nilijua kwa harufu.

*Je, HP 95LX nayo inakubali CompactFlash?*
— Msomaji wa zamani

Hapana. Ni ya 1991, na tundu lake ni la kadi za SRAM, kumbukumbu inayotegemea betri. Ukiipata kadi ya namna hiyo, ina betri yake ya kidonge ndani: ibadilishe kadi ikiwa imechomekwa na mashine imewashwa, la sivyo utabaki na kadi tupu.