Pikapu ya umeme: mbona mita inasoma zaidi ya dashibodi?

SWALI: Nina pikapu ya umeme. Dashibodi inaonyesha natumia uniti (yaani kilowati-saa) 26 kwa kilomita 100, lakini mita niliyofunga kwenye chaja ya nyumbani inasema 30. Nikiingia barabara kuu, ulaji unapanda zaidi. Je, betri imeanza kuchoka?

JIBU: Kwa dalili hizo, usiilaumu betri. Betri iliyochoka hupunguza akiba, yaani unafika karibu zaidi kabla ya kuchaji tena. Haiongezi sana ulaji wa kila kilomita.

Tofauti ya 26 na 30 ni ya kawaida. Dashibodi inahesabu umeme unaotoka kwenye betri, mita inahesabu unaotoka ukutani. Katikati, umeme wa AC (wa ukutani) unageuzwa kuwa DC (ule unaohifadhiwa na betri) na sehemu yake inapotea kama joto, huku kompyuta na pampu za gari zikiwa macho muda wote wa kuchaji. Tuseme vifaa hivyo vinakula wati 300. Kwenye soketi ya kilowati 2 hiyo ni asilimia 15. Kwenye chaja ya kilowati 7 ni kama asilimia 4 tu. Kwa hiyo kuchaji polepole mno kuna gharama yake.

Hata namba rasmi zina tofauti hiyo. Pikapu ya umeme ya Ford F-150 Lightning ya 2022 yenye betri kubwa ya kilowati-saa 131 ilipewa na EPA, shirika la mazingira la Marekani, umbali wa kilomita kama 515. Ukigawanya unapata uniti 25 na ushee kwa kilomita 100. Lakini ulaji ambao EPA yenyewe inautaja ni takriban 30, kwa sababu inapima kuanzia ukutani. Anayelipa bili afuate namba ya pili.

Sasa barabara kuu, na hapa ndipo penye mambo. Pikapu ni pana, ndefu kwenda juu, na nyuma ina bodi wazi inayovuruga hewa. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 100 kwenda 120 kwa saa, inaongezeka kwa asilimia 44. Kwa makadirio yangu, pikapu ya tani 3 ikienda 100 kwenye tambarare, tairi zinakula uniti 8 hivi kwa kilomita 100 na hewa kama 17. Ukienda 120, tairi zinabaki karibu palepale, hewa inafika 24. Na umeokoa dakika 10 tu! Upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa unakufanyia jambo hilohilo bila wewe kukanyaga zaidi.

Wengi huogopa uzito, mimi naogopa umbo. Kilo 500 zilizolala ndani ya bodi huongeza uniti moja na nusu hivi kwenye tambarare. Trela refu la boksi linaweza kukukatia umbali kwa nusu, hata likiwa halina kitu.

Milima nayo hudanganya vipimo: kupanda mita 100 kunakula karibu uniti 0.8, na kushuka kunarudisha sehemu tu ya hiyo. Kwa hiyo pima kwenda na kurudi kwa njia ileile, kwa mwendo usiobadilika, presha ya tairi ikiwa imepimwa zikiwa baridi. Anza na kiwango fulani cha chaji, ukirudi chaji hadi kiwango kilekile, halafu usome mita.

Ukienda 80 bila mzigo na bado ulaji haushuki, kagua magurudumu. Simamisha gari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, huenda breki yake inakwama. Mpelekee fundi kabla hujaanza kufikiria betri.